Karatasi za Zornitsa

Gorna Lipa, tarehe 14 Oktoba

Mdogo wangu mpendwa Radka,

Pokea salamu zangu mimi dada yako, na kabla sijasema lolote niambie mgongo wako unaendeleaje huko Uhispania, maana kuinama kwenye nyanya za watu kutwa nzima si mchezo. Unakula? Usinidanganye, picha uliyotuma nimeiona, shingo imekuwa kama ya kuku. Soksi nilizokufumia zimefika? Mimi napumua. Presha inapanda na kushuka, mbuzi bado wana maziwa, na plamu zilizaa mwaka huu mpaka matawi yakakatika. Mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la nne, kwa hiyo soma polepole.

Wewe uliondoka siku ya tatu baada ya mazishi, mengine huyajui. Valko Drangov, mwenye ile hoteli ya njia panda yenye dubu kwenye kizimba, aliandikisha polisi kwamba binti yangu Zornitsa, mhudumu wake, alikuwa amelewa, akafungua kizimba mwenyewe ili ajionyeshe kwa wageni, dubu akamuua. Alikuja askari mmoja, akasimama uani anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda, akaandika vilevile alivyoambiwa, akaenda zake. Wahudumu wenzake wakanyamaza, nao wana watoto wa kulisha. Mtoto wa miaka kumi na tisa, Radka, ambaye hata pombe ya rakia ya harusini alikuwa anaimwaga kwenye chungu cha maua tusimwone, akazikwa na jina la mlevi.

Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu: Valko aseme kwa kinywa chake kwamba yeye ndiye aliyemtuma ndani. Na akishasema, aumie.

Mwezi wa tisa nikamwona kwenye televisheni anafuta machozi. Eti amempa dubu wake uhuru, anampeleka milimani kwenye makao ya dubu waliookolewa. Kwa dubu lilikuja lori, madaktari wawili na watu wa kupiga picha. Kwa Zornitsa alikuja yule wa alizeti. Nilizima ile televisheni kwa ngumi, jirani yangu Penka akanishika mikono.

Nusu mwaka tangu tumzike ilikuwa inatimia. Nikachukua begi la mgongoni la Zornitsa, lile jekundu alilonunua akisema atazunguka milima yote kwa treni, nikatia karatasi zake za msiba za nusu mwaka, zenye picha yake, za kubandika mahali watu wanapopita, brashi, gundi ya unga niliyoipika mwenyewe, ngano ya kuchemsha ya kugawia watu wamkumbuke marehemu kwenye bakuli, na gudulia la maini niliyoyachanganya na sumu ya panya. Nilikuwa nakwenda kumuua yule dubu. Nakuandikia hivyohivyo bila kuficha.

Nilipanda basi mpaka mjini, nikapanda la pili mpaka kwenye reli, halafu ile treni ndogo inayopanda mlima kwa mwendo wa ng'ombe. Kila kituo nilichoshuka nilibandika karatasi moja, picha yake akicheka. Treni ilikuwa imejaa vijana wenye mabegi. Wasichana wawili wakanikodolea macho, mmoja akaniuliza, shangazi, begi umelibeba wewe au limekubeba lenyewe? Nikamwambia linajua njia kuliko mimi. Mwenzake akasema huyu katoroka mume, mwacheni. Nikacheka nao, Radka, na gudulia langu nimelibana katikati ya magoti. Nikawagawia ngano. Wakaniuliza ya nani, nikawaambia ya binti yangu, wakaacha utani, wakaila yote mpaka punje ya mwisho kama inavyotakiwa.

Mtunzaji wa yale makao ya dubu ni mzee anaitwa Mincho, mnene, kofia imekaa upande. Alitupitisha mimi na wale vijana wa treni kando ya uzio mpaka kwa dubu wa Valko. Kwenye nguzo wameweka kibao: zawadi ya Valko Drangov, rafiki wa wanyama. Nilikisoma mara tatu, nikidhani miwani yangu ina ukungu.

Dubu mwenyewe alikuwa na msitu mzima, vijito, miti ya kukwea. Alikuwa amesimama kwenye uwazi akienda hatua tatu mbele, hatua tatu nyuma, anageuza kichwa, anaanza tena. Mincho akasema ndio urefu wa kile kizimba, bado amekibeba. Sitakudanganya kwamba nilimwonea huruma. Nilimwonea wivu, kwamba yeye kaokolewa.

Wale vijana waliposonga mbele nikabaki na mzee. Nikamuuliza dubu huyu anapenda kula nini. Nilitaka kujua kama atakula maini. Mincho akasema tatizo si chakula, alipofika alikuwa anatetemeka kutaka pombe; kisha mzee akaingia ofisini akatoka na fomu ambayo Valko aliijaza siku ya kumkabidhi. Akanisomea. Imeandikwa: mkate, mabaki ya jikoni, na bia chupa tatu kila Jumapili, anapewa mkononi na msichana wa kazi ndani ya kizimba, wageni wanapenda sana. Chini yake sahihi ya Valko.

Kwa polisi Valko aliandikisha kwamba msichana alijifungulia kizimba mwenyewe. Kwa watu wa dubu akajisifu.

Nikamwambia Mincho mimi ni mama wa msichana wa kazi. Alivua kofia. Akaniambia, mama, nitakutolea nakala, na hilo gudulia niachie mimi. Sijui alijuaje. Nilimpa.

Nilishuka na treni ileile nikaenda moja kwa moja kwa mchapaji. Nikamwambia anitengenezee karatasi nyingine, picha ya Zornitsa juu, msalaba kama kawaida, na chini yake yale maneno ya Valko kwa mwandiko wake mwenyewe na sahihi yake. Mchapaji akasema mama Stamena, haijawahi kufanyika. Nikamwambia wewe chapa. Nikabandika vituo vyote vya basi, kanisani, dukani, kwa mwoka mikate, na mbili kwenye mlango wa hoteli ya Valko, moja kila upande. Niliziweka chini ya upenu makusudi, mvua isizifikie. Wewe unajua, hakuna mtu kwetu anayechana karatasi ya msiba. Inakaa mpaka hali ya hewa iichukue.

Valko alimwamuru mpishi wake azibandue. Mpishi akajifanyia ishara ya msalaba, akasema bosi, nifukuze kazi, huyo marehemu simgusi. Valko akamwambia dereva anayeleta bia, dereva akacheka, akamwambia babu, una kucha zako. Valko akaweka mwavuli mkubwa kuzificha, wageni wakausogeza wasome. Jumapili ya kwanza watu walisoma, wakageuza magari. Jumapili ya pili alikuwa na meza moja, nayo ya shemeji yake. Nilikuwa napita na basi kila mara kuhesabu magari pale nje, na moyo wangu ulikuwa unakunywa, Radka, kama mtu aliyetoka kuvuna kwenye jua kali.

Jumamosi iliyopita akaja kwangu. Tulikuwa uani mimi, Penka na majirani wengine tunachoma pilipili hoho za majira ya baridi, mikono nyeusi mpaka viwiko. Alisimama getini kavimba uso. Akasema, Stamena, zitoe zile karatasi, unanimaliza. Nikamwambia zitoe mwenyewe. Akapiga kelele kwamba anafanywa muuaji, yeye alimtuma kupeleka bia kama alivyowatuma wote, miaka minane, na hakuna aliyeguswa, angejuaje siku ile mnyama atageuka? Penka akaacha koleo likaanguka. Nikamuuliza, ulimtuma wewe? Akasema nilimtuma mimi, haya, umeridhika? Watu tisa walisikia. Jana Penka na yule mpishi wa Valko walikwenda polisi kuandikisha, na safari hii yule wa alizeti aliandika huku ametulia.

Hapo ndipo ningetaka barua iishe. Ila Valko hakuondoka hivihivi. Alishika geti, akasema mbele ya wote, na huyo binti alikuwa hataki kurudi kazini, alikimbilia kwenu Alhamisi analia. Nani alimrudisha Ijumaa?

Watu wakanigeukia. Mimi nikaendelea kumenya pilipili.

Hujui hili, Radka, na hakuna aliyejua. Zornitsa alikuja Alhamisi, siku tatu kabla hajafa, usiku ukiingia, akasema mama, ananiingiza kwa dubu, naogopa, mnyama ananinusa mikono hata nisipokuwa na chupa. Nami nikamwambia kazi nyingine iko wapi, usinitie aibu, yule dubu kazaliwa kizimbani, ni sawa na ng'ombe. Asubuhi nikamfungia banitsa, mkate wa jibini wa moto, kwenye kitambaa, nikamsindikiza kituoni, nikasimama mpaka basi limeondoka ili asije akashuka. Alikuwa ananiangalia kwa dirishani. Nilimpungia mkono nikidhani nimemlea vizuri.

Kwa miezi sita na zaidi nimemwinda Valko, na namwinda bado, simsamehe hata akilala kaburini. Lakini majirani hawajaniuliza neno tangu Jumamosi, na naona wananisubiri.

Leo asubuhi nilikwenda tena kwa mchapaji. Karatasi mpya ina mstari mmoja zaidi: aliyemtuma ndani ni Valko Drangov, aliyemrudisha ni mama yake Stamena. Nimeibandika kwenye geti langu, chini ya upenu. Penka amepita, amesoma, ameingia, amenisaidia kufunga makopo ya pilipili.

Nisalimie wenzako wa mabandani, na yule mwanamke wa Moldova aliyekupa dawa ya kikohozi mwambie namshukuru. Funika kifua. Ukija mwezi wa tatu kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja wa Zornitsa utaikuta hiyo karatasi getini. Isome yote, kisha amua mwenyewe kama utaingia. Nitakuwa nimeweka chakula mezani.

Mimi dada yako,
Stamena