Kitanda cha Chumba Namba Nne

Mama,

Shikamoo. Nimelala chumba namba nne, pale hotelini ulipokuwa unafanya kazi. Siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, na kwenye kitabu cha wageni nimeandika jina langu mwenyewe. Nimeona nikuambie mimi, kabla Zaituni uliyemfundisha kazi hajaja kaburini kunisemea. Mdomo wake unaujua.

Nianze na ukweli: kile kitanda ni kibaya. Miaka yote ulikisifu, kitanda cha mninga, cha tangu enzi za Mjerumani, ukisema mtu akilala pale haoti vibaya. Wallahi, kinalia ukijigeuza tu, na godoro limebonyea katikati kama sinia. Nilijitupa mchana ule ule nilipofika, nikacheka peke yangu. Halafu nikakumbuka kwamba wewe hukuwahi kukilalia. Ulikitandika tangu sijazaliwa, na hukulala hata dakika tano. Sifa zote zile ulikuwa unakisia. Kicheko kikanikauka.

Nilikuahidi, Mama. Tulikuwa tunamenya magimbi nyumbani Mlali, siku yako ya mapumziko, nimetoka kupata barua ya kazi Kihonda. Nikakuambia nikipokea mshahara wa kwanza tunakwenda kulala kule, mimi na wewe, tuwe wageni. Ukasema, "Na chai waniletee barazani." Wiki ile ile ulimpelekea fundi kitambaa akushonee gauni la safari.

Mwezi wa kwanza nikasema ujao. Ujao nikasema ngoja mvua zipite. Uwezo nilikuwa nao. Niliona aibu. Pale Mzumbe nilipokuwa nasoma niliwaambia wenzangu mama yangu yuko hotelini, nikawaacha wadhani uko mapokezi. Nikaogopa kwamba tukifika pale pamoja mtu atakuita ulete ndoo, na mimi nimekaa naangalia. Sababu ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Umekufa sijakuambia.

Nyumba haijabadilika sana. Kuta ni zile zile nene, baraza lile lile. Nje wamepigilia kibao kwamba ni jengo la kihistoria, na vyumbani wameweka birika za umeme. Sakafu hawaipigi nta tena, ukumbini kuna vigae, kwa hiyo magoti ya Zaituni yatasalimika, tofauti na yako. Magimbi bado yapo kwenye kifungua kinywa, yale uliyogombana na meneja mpaka yakaingia mezani. Wageni wanayamaliza kabla ya mkate. Ukifungua dirisha mlima uko pale pale, na asubuhi wingu limeufunika mpaka kiunoni.

Sasa sikia kituko. Jumamosi nimeamka, mikono ikaanza kazi bila kuniuliza. Nikakung'uta mito, nikavuta shuka, nikakunja pembe zile za bahasha ulizonifundisha, chandarua nikakifunga fundo. Zaituni, ambaye sasa ndiye mkuu wa wahudumu, akaingia na ufagio wake akasimama mlangoni. Nikajua atanisifu. Thubutu! Akaegesha ufagio, akalivuta shuka lote, akalibwaga sakafuni. "Mama yako ndiye aliyenifundisha. Mgeni akitandika kitanda, kivuruge uanze upya. Huyo bado hajajiona mgeni." Akanishika mkono, akanitoa mpaka barazani. "Kaa hapo. Chai inakuja."

Nikakaa. Mama, jamani, kukaa ni kazi! Namsikia Zaituni ndani anakung'uta shuka, na mwili wote unataka kuinuka ukamsaidie. Chai ya maziwa ikaja na vikombe viwili. Nikamwambia Zaituni niko peke yangu. Akasema, "Najua. Lakini yeye aliniambia mtakuja wawili. Kila mwisho wa mwezi alikuwa anakiangalia kile chumba kama kina mtu."

Nililia, sikufichi. Nililia mpaka mgeni wa meza ya pili akanisogezea tishu. Kumbe ulikuwa unangoja, na kwangu hukuwahi kuuliza hata mara moja. Nisamehe. Nilikunywa kikombe changu, halafu nikanywa na chako, kilikuwa kimeshapoa.

Jumapili nilivaa gauni lako, lile la safari. Linanibana mabegani, lakini nilivaa. Kitanda nilikiacha kilivyo, shuka nusu liko chini, mto mmoja upande wa miguuni. Mikono iliniwasha, nikaifungia nyuma, nikatoka. Pale mapokezi binti akaniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kufika. Watu walikuwa wamejaa na mabegi yao. Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie, kwamba mama yangu alikuwa anatandika vitanda humu ndani, na hakuna aliyemshinda.

Basi pumzika, Mama, Mungu akulaze pema. Mwakani nitarudi chumba namba nne, mvua iwepo isiwepo. Nitaagiza vikombe viwili mwenyewe, na kitanda sitakigusa.

Mwanao,
Sakina