Gurudumu la Sifa

Mdogo wangu mpendwa Sifa,

Leo sikufungua kazi. Nimekaa kwenye benchi mbele ya nyumba, hapa mtaani Murara, pampu ikiwa ndani, na wateja wawili wamenipita wakisukuma pikipiki zao hadi kwa kwado mwingine. Unajua mji huu unavyomwita mtu wa kuziba matairi: kwado, basi. Jina langu la ubatizo mlikuwa mnalitumia wawili tu, wewe ukitaka kunibembeleza na Mama akikasirika; siku nyingine zote kwako nilikuwa yaya, mkubwa wako.

Nakuandikia juu ya kile chombo chako cha gurudumu moja. Tangu tukue, hakuna kazi nyingine tuliyoifanya wawili muda mrefu hivyo.

Ulikileta mwaka ule mlima ulipotapika. Lava ilikula nyumba ya marehemu Papa, baba yetu, kule Buhene Jumamosi jioni. Siku zilizofuata ardhi ikatetemeka bila kupumzika, tukaambiwa tuhame mji, tukaenda kwa miguu hadi Sake, godoro la Mama likiwa kichwani mwangu na sufuria mgongoni mwako. Tuliporudi tukapanga nyumba hii. Wewe ukarudi kazini, maabara ya kituo cha afya cha Keshero, na hapo ukamkuta yule daktari mgeni anafunga mizigo. Garini alikuwa na nafasi ya sanduku moja tu. Akakuachia chombo na chaja yake.

Ulikiweka katikati ya sebule. Cheusi, kama sanduku lililosimama juu ya tairi, kikanyagio huku na kikanyagio huku, hakina usukani wala kiti. Mama akakizunguka.

"Hii ni nini? Nusu ingine iko wapi?"

"Haina nusu ingine, Mama. Iko vile. Ukiinama mbele inaenda, ukirudi nyuma inasimama."

"Na ukikaa katikati?"

"Unaanguka."

Ulianguka kweli, wiki nzima, mkono wako begani kwangu, katika uwanja wa parokia. Kisha siku moja mkono uliondoka begani na mimi nikabaki nakimbia nyuma yako bila sababu.

Kazini kilikufaa. Ulikuwa ukipeleka damu ya kupimwa kutoka Keshero hadi hospitali kubwa, na motari, wale wa pikipiki za abiria, walikuwa wakikwama kwenye foleni ya malori. Wewe ulipita pembeni, suruali chini ya blauzi nyeupe ya maabara, kisanduku cha baridi mgongoni, umesimama wima kama mtu anayengoja kitu. Watoto walikupigia kelele njia nzima. Wenye kusukuma chukudu, vile vigari vya mbao vya magurudumu mawili, walikupisha, na watu wa chukudu hawampishi mtu.

Lakini barabara za mitaa yetu ni mawe ya volkano, na mawe yale yanakata kama chupa. Tairi lilitoboka mapema. Ukaniletea, nikakataa.

"Mimi niko kwado wa pikipiki na kinga," nilikuambia. Kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli. "Hii ni televisheni yenye kutembea. Nikiiunguza utanilaumu."

"Yaya, wewe shika mpira, mimi nitashika waya."

Hivyo ndivyo tulivyogawana. Tulikilaza ubavuni juu ya gunia. Ulifungua skrubu za vifuniko, ukavua vikanyagio, ukanionyesha waya tatu nene za mota na kichomeko chembamba pembeni yake, ukavichomoa taratibu. Ndipo gurudumu likatoka, na kutoka hapo lilikuwa langu. Nilitoa upepo, nikakanyaga ukingo wa tairi hadi ukaachia rimu, nikaingiza vyuma vyangu viwili, nikavuta mpira wa ndani. Beseni la maji, mapovu, alama ya chaki, kukwangua, gundi. Ulitaka kubandika kiraka palepale. Nikakushika mkono. Gundi ikiwa bado maji haishiki. Ulikaa umekunja uso, unapepea mpira kwa jalada la daftari lako la kazini, unaniuliza kila mara kama bado.

Tulirudia kazi ile mara nyingi, sikuhesabu. Nilikata vipande vya mpira wa pikipiki nikavitandika ndani ya tairi ili mawe yapate kitu cha kula kwanza. Ilisaidia. Lakini tairi lenyewe likaisha, na mjini hapakuwa na la kipimo kile. Nikakutafutia kwenye maduka ya Birere tairi la kinga ya mtoto. Lilikaa vizuri rimuni, tukajisifu. Halikuundwa kubeba mtu mzima na betri. Lilivimba upande kama shavu la mwenye jino bovu, likapasuka karibu na mzunguko wa magari. Ulirudi kwa miguu, suruali imechanika gotini, chombo umekibeba kifuani, na unacheka. Mama alianza kukugombeza akashindwa kumaliza, naye akacheka.

Ndipo Mama Kavira, yule mfanyabiashara wa Butembo anayepanga nyumba ya pili, alipokuja na uzi. Alizungusha uzi kwenye tairi la zamani, akaufunga fundo, akaenda nao Kampala kwenye safari yake ya bidhaa. Alirudi na tairi katikati ya furushi la vitenge. Nene, gumu, lina meno. Kulivalisha ilikuwa vita. Nilipaka sabuni, nikasukuma ukingo uingie katikati ya rimu pale penye bonde, wewe ukapiga magoti juu ya upande mmoja usitoroke, mimi nikavuta upande wa pili hadi vidole vikafa ganzi. Lilipoingia lilitoa mlio, na wewe ukanipiga kofi mgongoni.

"Iko ndani! Yaya, iko ndani!"

Nadhani nilikuwa na furaha siku ile. Naikumbuka yote, hata harufu ya sabuni. Furaha yenyewe tu siisikii.

Baadaye waasi wakakaribia. Uliona kambi za waliokimbia vita zikijaa pembeni mwa mji, njia ya Sake ikafungwa, mabomu yakawa yanasikika asubuhi tukinywa chai, tukawa tunaendelea kunywa. Kisha vita vikaingia mjini kwenyewe. Umeme ukakatika, na maji pia. Ulikuwa nyumbani umepumzika zamu, na gurudumu limelala chini, halina upepo. Simu yako ikalia. Alikuwa muuguzi mkuu wa kituo. Majeruhi walikuwa wamejaa hadi uani, na wa kupima makundi ya damu hakuwepo.

"Yaya, leta vyuma," ulisema.

Mama akasimama mlangoni. "Hapana, Sifa. Na wewe usimutengenezee. Munasikia ile risasi? Munasikia?"

"Nasikia, Mama."

"Motari habaendi. Magari hayaendi. Ni wewe tu utaenda?"

"Ndiyo maana wameniita. Niko na kitu chenye kwenda."

Mimi nilisimama na vyuma mkononi, namtazama yeye, nakutazama wewe. Ulikuwa umeshakilaza chombo juu ya gunia na kuanza skrubu. Nikapiga magoti.

Nilitia upepo kidogo kwenye mpira, nikausogeza sikioni. Siku zote tundu huwa linanong'ona, ukitulia unalisikia. Siku ile risasi zilikuwa mtaa wa pili na sikuweza kusikia chochote. Nikageuza mpira mara mbili, tatu. Bila maji tundu lisingeonekana. Maji yaliyokuwepo ndani ni yale ya kidumu kimoja, ya kunywa, yaliyotekwa ziwani kabla njia haijafungwa.

Mama alituangalia muda. Kisha akaingia ndani, akatoka na beseni, akamimina kidumu mwenyewe.

"Mukimaliza musimwage," akasema. "Nitayachemsha."

Mapovu yalitokea karibu na ventili, pale pa kutilia upepo. Nikakwangua, nikapaka gundi. Safari hii hukuniharakisha. Ulikaa karibu yangu umeshika kiraka kwa ncha za vidole hadi nikakuambia sasa. Ulichomeka tena waya za mota, taa ya betri ikawaka. Mama akakufunga kisanduku mgongoni, akakaza mikanda zaidi ya ulivyopenda.

"Nitarudi kazi ikipungua," ulisema. Ilikuwa mchana. Uliinama mbele, ukaenda, na kwenye kona ya kanisa ukapunguza mwendo kama kawaida kwa sababu ya yale mawe. Hilo ndilo la mwisho nililoliona.

Mama aliyachemsha yale maji. Tuliyanywa yakinuka mpira.

Yaliyofuata alitusimulia Papa Deo, mlinzi wa kituo. Ulifika salama. Hukutoka maabara, ulilala kwenye viti. Risasi zilipopungua kidogo ikaja habari ya mwanamke aliyejifungua katika zahanati upande wa pili wa mji, anavuja damu, na damu ya kundi lake mlikuwa nayo. Ulisema utaipeleka. Muuguzi mkuu alisita, ukamwambia dakika anazosita ni za yule mama. Ulifika zahanati. Damu ikaingia. Ukaaga pale, wakakuona unapinda barabarani. Keshero hukufika.

Chombo kililetwa kituoni na watu waliokiokota kando ya njia. Papa Deo akakipakia kwenye chukudu, juu ya makaa, akanisukumia hadi hapa. Wewe hukuwa pale kilipookotwa. Hapakuwa na damu, hapakuwa na kiatu. Nilikutafuta hospitali zote, kisha kwenye mahema, kisha mahali ambapo walikuwa wanafunua nyuso mmoja mmoja ili jamaa watambue. Nilitazama nyuso zote. Nilikwenda na pale walipozika haraka, bila majina, nikasimama. Wengine wanasema watu walivuka mpaka kwenda Gisenyi. Wengine wanasema kuna waliopakiwa kwenye magari wakapelekwa kusikojulikana. Kila mmoja ana binamu aliyeona. Ukimfuata binamu, hakuona.

Tairi lilikuwa na mpasuko mrefu ubavuni. Nilikilaza juu ya gunia, nikafungua skrubu, nikachomoa waya tatu nene na kichomeko chembamba. Nilikuwa nimekuangalia mara nyingi kumbe, mikono ilijua. Nikashona mpasuko, nikaweka kipande cha tairi la gari kwa ndani, nikajaza. Likashika upepo. Baadaye Mama Kavira akaleta tairi jipya bila kuagizwa, uzi ule alikuwa bado nao. Nililivalisha peke yangu. Lilipoingia lilitoa mlio uleule. Nikaosha mikono, nikala.

Watu wananiambia lia, utapona. Nimejaribu, Sifa. Naamka, naziba, nalala. Mteja akinidanganya kuhusu msumari nacheka mahali pa kucheka. Ndani hamna kitu, ni kama jino lililochomwa sindano, unaligusa kwa ulimi na unajua lipo kwa sababu tu ulimi umegonga.

Wiki jana baba mdogo alitoka Rutshuru na wazee wawili. Wanataka matanga. Nikakataa. Niliwaambia hatuna mwili wala mtu aliyeuona, tunamlilia nani? Baba mdogo akasema mtu hawezi kukaa katikati, si wa hai si wa wafu. Nilitaka kuinuka nitoke. Mama ndiye aliyenishika shati.

"Mutoto wangu, kaa," akasema. "Kila jioni napika ya watu watatu. Kila asubuhi namwaga ya mumoja. Nimechoka. Acha tulie. Kama Sifa iko mahali, kilio hakiui mutu."

Nikakaa. Nikasema sawa.

Basi ni kesho. Maturubai yamefungwa tangu asubuhi, na Mama Kavira na wanawake wenzake wako uani wanamenya ndizi. Padri amekubali kutuombea bila kutaja kaburi. Yule mwanamke wa zahanati atakuja. Aliwahi kuja mara moja, na mtoto mgongoni, mnono, ana miguu ya kupiga mpira. Hakumpa jina lako. Alisema alikuwa amekwisha kumchagulia jina kabla ya vita, akaniomba radhi. Nikamwambia hakuna radhi, mtoto ni wake. Alimweka magotini pa Mama, na Mama akamshika muda mrefu sana.

Chombo nimekirudisha Keshero. Muuguzi mkuu aliomba, kuna msichana wa maabara anajifunza kukipanda. Nimemwambia akitobokewa asiende kwa mtu mwingine, akilete kwangu, na asifungue waya mwenyewe.

Kesho watanipa nafasi ya kusema, mimi ndiye mkubwa. Sijui nitasema nini. Nitasema jina lako na kazi yako, na kwamba ulifika ulikotumwa. Nikishindwa baba mdogo atamalizia.

Ila nilitaka ulisikie kutoka kwangu kwanza, kabla ya mtu mwingine kukuambia kwamba tulikulilia. Kama uko hai mahali, usituchukie. Hatujachoka na wewe, tumechoka na kuutazama mlango. Na kama utatokea kesho watu wakiwa wamekaa, pita tu katikati yao, usiogope kelele zao, nenda moja kwa moja uani kwa Mama. Atakupakulia, na utakula chakula cha matanga yako mwenyewe. Kitakuwa kingi.

Nakuaga kwa leo tu, mdogo wangu. Zaidi ya hapo sijakubali.

Mimi, yaya wako