Bakuli la Jiwe la Mto Njoro

S.L.P. 73,
Njoro.
9 Juni 2024

Mpendwa dada Jerop,

Kwanza ujue unaandikiwa na mtu anayeujua Mto Njoro kuliko samaki wanaolala ndani yake. Shule niliachia kidato cha pili, lakini juzi profesa mzima aliandika maneno yangu kwenye daftari.

Sasa, u mzima huko Doha? Joto halijakukausha? Sisi tuko poa, ila nyanya analia na goti. Ng'ombe wako amezaa dume lenye masikio makubwa kama yako.

Profesa alikuja na wanafunzi kutafuta habari za watu wa kale. Niliwatembeza toka juu kwenye milima ya Mau, mahali mto ni mdogo hata nyanya anauruka. Nikawaeleza unavyoteremka mpaka Ziwa Nakuru na kuishia humo, maana ziwa halina mlango wa kutokea. Zamani sana ziwa hilo na Elementaita yalikuwa maji mamoja. Profesa akaitikia kwa kichwa, nikatembea kama chifu.

Sasa msikie Joash, rafiki niliyevaa naye hata sweta moja ya shule kwa zamu. Lile bakuli la jiwe uliloliona ukiteka maji, siku ukingo ulipobomoka, ukaniachia nilitunze, nilimwonyesha yeye peke yake. Wageni walipofika kwetu akaruka mbele.

“Prof, hili liliokotwa na marehemu babu yangu.”

“Wee Joash! Babu yako alizikwa Olenguruone bila kuuona huu mto!”

“Wachana na huyo, boss. Huyo ni wa kubeba mizigo.”

Wakacheka. Babu yake akaandikwa, wewe hukuandikwa. Dada, nimesalitiwa na mtu aliyekula kwa sahani yangu, na bado ananisalimia “niaje” barabarani.

Nyanya na mjomba Micah wanakusalimu sana. Mungu akutangulie kila uendapo.

Lakini nisikudanganye. Hata jina lako lingeandikwa, lisingesaidia. Profesa alipitisha kidole ndani ya bakuli, akauliza ule weusi uko wapi. Kumbe masizi na mafuta ya chakula cha hao watu, pengine ya miaka elfu tatu, ndiyo aliyokuja kupima. Joash akachungulia ndani ya bakuli. Mimi nikainama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Jana yake nilikuwa nimelisugua kwa sabuni ya unga na waya wa sufuria, mara mbili, ling'ae mbele ya wageni. Wewe uliniambia nisiliguse. Yale maji meusi niliyamwaga mtoni.

Ni mimi nduguyo, bado nakupenda,
Kigen