Mzaliwa wa Kariakoo

Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
20 Januari, 1957

Mwanangu Hyasinta,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila mgongo unauma kwa kubeba nazi, na hilo si jipya. Wewe je? Chakula kinakaa tumboni? Mumeo Pantaleo hajambo?

Barua yako niliisomea sokoni, katikati ya mafungu yangu ya nazi. Nilipiga kigelegele hadi muuza samaki akadhani nimeumwa na nyoka. Mimba ya mwezi wa sita, nawe ulinificha! Haya, sasa nisikilize. Uzazi wa kwanza ni nyumbani kwa mama, hilo halina mjadala. Utakuja huku mapema, uzae mjini, siyo huko Tanga ambako barabara hazina hata majina, zinaitwa kwa namba kama wafungwa. Barabara ya kumi na mbili! Huku bomba liko mbele ya nyumba, na Mboni wa chumba cha pili amewapokea nusu ya watoto wa mtaa huu. Ranjanben wa dukani ameshakata kitambaa cha nepi, maana nilimwambia kabla hata sijafika kwangu.

Niambie siku ya kuja.

Mimi mama yako,
Scholastika

Ngamiani, Tanga.
9 Februari, 1957

Mama yangu mpenzi,

Milele amina, na shikamoo. Sijambo, chakula sasa kinakaa, hasa machungwa. Pole na mgongo. Wape wengine wabebe, mama, huna umri huo tena.

Lakini umetutukana! Barabara zenye namba mtu hapotei. Wewe Kariakoo ulipotea mwaka mzima wa kwanza, marehemu baba alinisimulia, eti siku moja ulikwenda kuteka maji ukarudishwa na polisi. Njoo uone mji uliofagiliwa. Mkonge umeleta pesa, taa zinawaka, machungwa ya Muheza yanamwagwa sokoni kama mchanga. Na maziwa ya huku hayatiwi maji kama ya huko kwenu.

Mama, njoo wewe. Pantaleo kazini bandarini hapewi ruhusa. Kila akirudi huweka mkono tumboni na kusema, "Hujambo, bwana mdogo?" Sipendi mtoto azaliwe baba yake yuko mbali. Na barabara ni mbovu, basi litanitikisa mno. Njoo ulee uzazi wangu hapa.

Mwanao akupendaye,
Hyasinta

Kariakoo.
24 Februari, 1957

Hyasinta mwanangu,

Salamu nyingi kama mvua. Nimeipata barua, na maneno ya maziwa nimeyasikia. Ya polisi ni uongo wa baba yako, Mungu amrehemu.

Nije nilale wapi? Mna chumba kimoja! Sisi Wangoni, mama. Mkwe hatazamwi usoni, hali chakula na mama mkwe, wala hawapiti mlango mmoja. Siku ya harusi yenu nilijifunika kanga mpaka nikajikwaa kwenye ngazi za kanisa. Huu mwaka wa pili ni mkwe wangu na sijui hata ana sura gani. Leo nikalale chini ya paa lake? Watu wa kwetu wakisikia watanicheka hadi kaburini.

Nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Wewe nilikuzaa hapa hapa Kariakoo, ndiyo kwanza tumefika kutoka Songea. Mama yangu alikuwa huko kwetu, hana habari. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyeitika, maana nilikuwa simjui mtu. Naogopa, Hyasinta. Naogopa usije ukaniita na mimi nisisikie. Njoo, mwanangu.

Mama yako

Kariakoo, chumbani kwako!
1 Aprili, 1957

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, mtoto anacheza. Wewe uko wapi?

Barua yako ilitutoa machozi sote wawili. Pantaleo akasema, "Nenda kwa mama, mimi nitavumilia." Tukaogopa basi, tukangoja meli. Nilikuandikia kukuarifu, na barua yenyewe nimeikuta leo kwa Mboni, haijafunguliwa. Nilishuka bandarini, mchukuzi akatangulia na sanduku, nami nikaja polepole kupitia Mnazi Mmoja huku nacheka peke yangu, nikiwaza utakavyoshtuka. Nikakuta kufuli, ufunguo umeuacha kwa Mboni. Mboni anasema ulipanda basi la Tanga na ungo, jiko, na gunia la nazi. Unapeleka nazi Tanga, mama?

Mboni alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nililia. Rudi upesi. Nesi wa Tanga alisema mwisho wa Aprili, bado tuna muda.

Mwanao

Ngamiani, Tanga.
1 Aprili, 1957

Hyasinta,

Tumsifu Yesu Kristo, kama bado unastahili salamu. Mzima mimi, mifupa tu imelegea kwa basi.

Kimya chako kilinitisha. Nikasema, aibu haizalishi, acha wanicheke, naenda. Kama mkwe hana pa kulala nitalala mimi jikoni. Nimefika, nimepiga hodi, mlango umefunguliwa na mwanamume! Nikajifunika kanga, nikajibanza nyuma ya mlango. Naye alipojua ni mimi, akakosa pa kupita kwa sababu mlango ninao mimi. Mumeo akaruka dirishani, Hyasinta. Mtu mzima. Akiwa huko nje ndipo aliponiambia kwamba umekwenda kwangu.

Mungu wangu, watoto mna mambo gani? Kaa hapo hapo, usibebe ndoo, nakuja.

Mama yako

Tanga.
8 Aprili, 1957

Mwanangu mpenzi,

Hali yako? Mimi sijambo, moyo ndio haujatulia. Masika yamekata barabara, mabasi yamesimama. Meli ni baada ya Pasaka. Watu wa huku husema waja leo waondoka leo. Mimi nimekuja, na kuondoka kumenishinda.

Pantaleo analala kwa mwenzake wa kazini. Asubuhi hukohoa uani, huacha samaki mlangoni, kisha huamkia mlango, "Shikamoo mama." Nami huuitikia mlango, "Marahaba." Jana aliuuliza mlango kama wewe ukiwa mdogo ulipenda kulala upande gani. Nikamwambia. Tulizungumza mpaka ugali wangu ukaungua.

Machungwa ni matamu, hilo nakubali. Na nilienda sokoni nikarudi bila kumwuliza mtu njia. Usimwambie Mboni.

Nakusalia rozari asubuhi na jioni. Ningekuwa na mabawa!

Mama

Kariakoo.
13 Aprili, 1957

Kwa mama na mume wangu Pantaleo,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na mtoto mzima. Hakungoja mwisho wa mwezi. Amezaliwa jana, msichana, mzito, anapiga kelele kama mnadani.

Mama, nilikuita. Nilikuita sana, sitakuficha. Lakini kila nilipoita "Mama!", Mboni aliitika, "Naam, mwanangu." Nikaita tena, Ranjanben naye akaitika mlangoni, na bakuli la samli na tangawizi mkononi, analia kuliko mimi. Mwishowe hata muuza samaki wako aliitika barabarani, na hakuna aliyemwuliza. Uliniambia wewe siku ile hakukuwa na wa kuitika. Mimi waliitika wengi, kwa sababu ni watu wako, umekaa nao miaka yote hii. Ile ilikuwa kazi yako, mama. Ulikuwapo.

Tanga ni mji mzuri, sitaukana. Lakini nimeelewa kwa nini huondoki hapa.

Jina lake Scholastika. Pantaleo, ana kidevu chako.

Mwanao, mkeo,
Mama Scholastika

Tanga.
18 Aprili, 1957

Mama Scholastika, mama yangu mdogo,

Tumsifu Yesu Kristo. Hongera, hongera, hongera! Nilijua atazaliwa mjini. Nimewaambia watu wa barabara za namba: mjukuu wangu ni mzaliwa wa Kariakoo, basi.

Barua ililetwa na ndege ya posta, ikamfikia Pantaleo bandarini. Alikuja mbio, akasimama nje, akanisomea kupitia mlango kama kawaida yetu. Alisoma vizuri mpaka pale ulipoita na wao wakaitika. Hapo nami nilikuwa nimekaa chini, nalia. Akaendelea. Alipofika kwenye kidevu, akakwama. Nikasema, "Soma, baba." Nikasikia mwanamume analia peke yake uani, hana mama hapa, hana mke, hana mtu wa kumwitikia.

Nikafungua mlango. Kanga niliiacha kitandani, Hyasinta. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Nipo, mwanangu." Watu wa kwetu wakitaka kucheka na wacheke.

Amepewa ruhusa. Tunakuja wote wawili na meli ya kwanza baada ya Pasaka, na machungwa gunia zima kwa Mboni na Ranjanben.

Ana macho mazuri mume wako. Hukuwahi kuniambia.

Mimi,
Bibi