Mama, Haukuwa Mpunga wa Bwegera

Mama,

Nianze na habari uliyoingoja mpaka ukatuacha: Bahati anatembea. Ana fimbo zake mbili, magoti yanagongana, na njiani kwenda shuleni hapa Kasenga anasimama kusalimia kila mtu. Ana miaka kumi na maneno ya mzee wa kanisa. Jana kaniambia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, kaza mwendo, tutachelewa." Mimi ndiye naambiwa hivyo.

Ulikufa ukiamini ulimharibu wewe. Kwamba usingeinama kwenye mpunga wa Bwegera na mimba ya miezi saba, miguu yake isingekakamaa. Ulimwomba msamaha kila ulipomwogesha, nikawa nasikia. Nilinyamaza kwa sababu nami niliamini.

Sasa nampeleka kwa mama mmoja anayenyoosha viungo vya watoto. Aliniuliza kwanza kama Bahati alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Nikasema ndiyo, kwa miezi saba. Akanieleza kwamba ubongo wa mtoto wa miezi saba bado ni laini, unaumia upesi, na ukiumia pale panapoamuru miguu, miguu inakakamaa. Wanauita mtindio wa ubongo. Si wa namna moja. Pale kuna msichana ambaye mikono yake inacheza bila yeye kutaka. Alipata manjano kali alipozaliwa. Mwingine anayumba hata akiwa amekaa. Wapo waliochelewa kuvuta pumzi, wapo walioharibiwa na malaria ya kichwani. Na wengine, alisema, hatujui hata sababu.

Nikamuuliza kuhusu mpunga. Akacheka. "Miye nimeona bamama wengi balilima mpaka siku ya kuzaa. Hapana, dada, si mupunga."

Halafu akauliza nani alikuwa anambeba. Nikasema wewe, mgongoni, mpaka miaka mitano, majirani wakikusema: "Mutoto mukubwa vile, angali mu mugongo?" Wao walitaka umlaze, umfunge miguu pamoja ili inyooke. Yule mama akaacha kazi akanitazama. Miguu ya watoto hawa inajifunga kama makasi, akasema, na mgongo wako uliitenganisha kila siku. Nililia pale pale, Mama. Bahati akauliza kama ni yeye ameumia au ni mimi.

Nina jambo lingine. Nina mimba. Miaka mitatu nilimkatalia mume wangu mtoto, nikiogopa kwamba ugonjwa huu uko katika damu yetu. Nimeambiwa kwamba mara nyingi si hivyo. Nakwenda kupimwa kila wanaponiita, na nitazalia hospitalini. Na mtoto akizaliwa kabla ya miezi yake, akija na miguu migumu, nakuahidi sitamwomba msamaha. Nitambeba. Kikwembe chako cha bluu, kile ulichombebea Bahati, nimeshakifua.

Pumzika sasa, Mama wangu. Nilipoanza barua hii nilimuuliza Bahati kama anakusamehe. Akaacha kula, akaniuliza:

"Yaya, Mama alinifanya nini?"