Nilihesabu Kutoka Upande wa Mlango

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, nina miaka sitini na moja na nimelea wabishi kuliko wewe. Nilifua mashuka ya hospitali kwa mikono miaka ishirini na saba, zikaja mashine tukaambiwa asanteni, nikazunguka mwaka mzima, kila ninapobisha naambiwa bibi nenda kalee wajukuu, kana kwamba wajukuu wanakula hewa, na ninao watatu, mama yao alishatangulia mbele ya haki. Hospitali nyingine ikatangaza mafunzo ya kuendesha mashine za kufulia, nikaingia, mzee peke yangu, mwalimu mwenyewe rika la kitinda mimba wangu, akauliza nani hajaelewa, nikamjibu, "Mwanangu, mimi nilianza kufua hujazaliwa!" darasa zima likacheka, kumbe sikuelewa kitu, niliishia darasa la tatu na maandishi ya mashine ni ya kigeni, basi nikahesabu vitufe kutoka upande wa mlango wa chumba, cha kwanza ndio maji baridi, cha mwisho ya moto, na kazi nikapata.

Wiki iliyopita mwenzangu, tunamwita Mama Pacha, alikwenda kula nikamshikia mashine yake, iko ukuta wa pili, inatazamana na yangu, nikahesabu vilevile kutoka mlangoni, kumbe ukiigeukia ile mlango unakuwa mkono mwingine na cha kwanza kinakuwa cha mwisho, nikabonyeza maji ya moto kwa mashuka ya chumba cha upasuaji, na damu ikipata maji ya moto haitoki tena, hilo nalijua kuliko jina langu. Mashuka themanini. Msimamizi akauliza, "Bibi, uligusa?" Nikasema sikugusa. Mama Pacha akanitazama, "Bibi, kweli?" Nikainama kukunja taulo. Wamemrudisha nyumbani, kikao chake cha nidhamu ni Alhamisi. Nikisema, naondoka mimi, na ajuza nani atamwajiri? Nifanyeje?

Bibi Mfuaji

JIBU

Shikamoo, bibi. Nimekwisha kukuamkia, sasa sikiliza.

Waliokufungia milango kwa sababu ya mvi walikukosea, na nakuonea uchungu. Mama Pacha hakukufungia mlango wowote. Alikuachia mashine yake kwa sababu alikuamini, na wewe alipokuuliza ukainamia taulo. Kutojua kitufe kunasameheka. Kukataa kuuliza kwa kuwa mwalimu ni mtoto, hicho ni kiburi, na kiburi chako kimemla mwenzako.

Usingoje Alhamisi. Kesho asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, mwone msimamizi: "Nilishika mimi, nilikosea kitufe, kisha nikasema uongo." Usianze na wajukuu, wala hiyo miaka yako ishirini na saba. Kisha nenda kwa Mama Pacha na maneno hayohayo, bila zawadi. Asipokufungulia, yaseme ukiwa nje.

Wakikubakisha, mfuate yule mwalimu akusomee kila kitufe, uandike kwa Kiswahili, kwa mkono wako, ubandike kwenye mashine zote mbili. Wakikufukuza, na huenda wakakufukuza, sina dawa. Utatafuta tena, utachoka, na huenda usipate. Sitakudanganya ili ulale vizuri.

Lakini hilo ni lako, bibi. Yeye amekaa nyumbani tangu wiki iliyopita kwa kosa asilolifanya. Vaa viatu uende.