Uzi wa Kumpimia Jirani

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na unaweza kuinama tena. Sisi wazima, ila usingizi tumeusahau. Kidoti anataka kubebwa kutwa, nami mikono ni hii miwili uliyonizaa nayo.

Mama, nina jambo. Kuna jirani wa chumba cha mwisho, mshona sanda. Watu wanamwita Bi Sanda. Si wa kanisa letu, na sijamwona akienda kusali popote. Juzi mchana nilikuwa naanika nepi, Kidoti yuko mkekani. Kugeuka, namkuta Bi Sanda amepiga magoti, anamnyooshea uzi kutoka utosini hadi kisiginoni. Akafunga fundo, akaukata kwa meno, akaenda zake. Kidoti, anayelia hata nzi akimtua, alikuwa kimya akimtazama.

Kina mama wa maombi wanasema uani hapa hakuna ambaye hajapimwa. Wanataka mwenye nyumba amfukuze, na wameniletea karatasi niweke sahihi. Nifanyeje?

Mwanao

10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Siku ukiacha kuuma nitajua nimekufa. Kina mama wa kanisa wanakusalimu. Wakiniona mimi mwenyekiti wao nimenuna wanadhani ni mgongo, kumbe ni barua yako.

Weka sahihi. Na kachukue uzi wa mjukuu wangu uuchome. Najua utanitajia upendo. Upendo upo: mwombee. Lakini mtu huombewa hata mlango ukiwa umefungwa. Asiye wa kwetu hatumchukii, ila hatuchangii naye sufuria.

Mama yako

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Kidoti ameota jino, na mimi ndiye ninayelia.

Nilikwenda. Chumba chake kisafi kuliko changu. Nyuzi zinaning'inia ukuta mzima, kila mmoja na kitambaa cha alama. Mlango ulikuwa umefungwa, upepo hakuna, lakini nyuzi zilikuwa zikicheza.

Nikamwuliza kwa nini anatupima. Akasema, "Mwaka wa kipindupindu nilikuwa nakata kwa kubahatisha. Kitambaa kikaniishia. Mtoto aliyekufa wa mwisho akazikwa kwenye gunia. Gunia la mkaa, mwanangu. Sirudii." Akanipa uzi wa Kidoti bila ubishi. "Chukua. Wengine huwa nawapima kwa macho."

Kisha akaninyooshea uzi mwingine, hauna fundo. "Sasa nipime mimi. Mtu hajipimi mwenyewe."

Nilikimbia, mama. Kandambili yangu moja imebaki kwake.

Tangu hapo cherehani yake imenyamaza. Kila adhuhuri namsikia anatembea mpaka kwenye ukuta wetu, anasimama. Kidoti anaacha ziwa, anageukia ukutani, anacheka. Sahihi sijaweka. Uzi sijauchoma.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Usimpime. Anayempima mtu kabla hajafa anamwitia kifo. Ukimgusa, usiniletee mjukuu wangu kwa mikono hiyo. Nasema kwa kukupenda.

Mama yako

17 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Najua umengoja sana. Nilikaa kimya nisije nikakudanganya.

Nimempima. Nisamehe kwa kukungojesha. Kwa hilo lingine siombi msamaha. Siku tatu hakutoka hata kuteka maji. Nikapika uji, nikamfunga Kidoti mgongoni, nikaenda. Miguu yake ilikuwa baridi kama sakafu, ila mdomo bado wa moto: "Umefuata kandambili?" Nikamlisha. Nikanyoosha uzi. Akasema, "Ongeza shubiri moja. Mtu akilala moja kwa moja hurefuka."

Kwa wiki tano nilimwogesha, nikashona sanda yake kwa cherehani yake, naye akinisuta kwamba mshono umepinda kama mbio za mlevi. Jumatano adhuhuri nikiwa kwangu nikasikia hatua zikija ukutani, zikasimama. Kidoti akacheka. Nilipokwenda kumtazama, alikuwa amekakamaa tangu asubuhi.

Kina mama wa maombi walisimama mlangoni, hakuna aliyevuka kizingiti. Nikafungua sanduku lake. Mama, ndani yake mlikuwa na sanda za uani kote, zimekunjwa, kila moja na alama yake. Yenye kitambaa kizuri kuliko zote ilikuwa ya yule mama aliyeniletea karatasi ya sahihi. Akaishika, akaiangalia sana, kisha akavua viatu na kuuliza maji ya kumwosha marehemu yako wapi.

Chini kabisa palikuwa na moja yenye alama ya bluu, rangi ya sare yenu ya kanisa. Bi Sanda alikuona mara moja tu, ukipita uani siku zile nilipojifungua. Nimeilinganisha na gauni ulilosahau kwangu. Ni urefu wako, na shubiri moja.

Niitume, au niitunze?

Mwanao

25 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Itunze. Pindo lake ni la mkono au la cherehani?

Mlete mjukuu wangu, kwa mikono hiyo hiyo.

Nyuma ya kanisa letu hukaa mzee mnoa visu. Si wa kwetu, na hana mtu. Miaka tisa nimempita nikienda kusali, na kumwombea nimemwombea sana. Jana nilimpelekea chai, nikanywa naye kwenye kikombe chake, maana ana kimoja. Nilikuwa na uzi mfukoni. Nikaushika, nikauachia. Aliniuliza mbona namtazama vile.

Kesho narudi. Niambie, mwanangu, ulianzia wapi: utosini au miguuni?

Mama yako